Hedifoni Nilizomchagulia Bi Mize

Vijana wangu, mnanisimamisha. Nikienda sokoni hapa mjini Chake kununua samaki mnanisimamisha, nikitoka msikitini mnanisimamisha, na swali ni lile lile: "Mzee Faki, nataka hedifoni za waya, zile kubwa za kufunika masikio, za kusikilizia nyumbani, na mfuko wangu si mnene. Nichukue zipi?" Nawajibu maneno mawili matatu, naenda zangu, na nyuma yangu mnasema Mzee Faki siku hizi amekuwa mkavu. Si ukavu. Swali lenyewe linaniuma. Leo nimeamua kulijibu lote mara moja, kwa maandishi, mkinisoma mtajua kwa nini.

Nimekuwa fundi redio kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Kibanda changu kilikuwa nyuma ya soko, kina meza moja, kiti kimoja cha mteja, na harufu ya risasi ya kulehemu ambayo mke wangu hakuwahi kuweza kuitoa kwenye nguo zangu. Nimetengeneza redio, makaseti, spika za madrasa na vipaza sauti vya harusi, lakini kilichonipa jina ni hedifoni. Mtu alikuwa akitoka Pujini na hedifoni iliyokufa upande mmoja, akijua atarudi nayo inaimba pande zote mbili. Nawaambia haya si kwa kujisifu. Nataka mjue kwamba aliyemchagulia mkewe vibaya hakuwa mtu asiyejua. Nilikuwa najua sana, na ndiyo maana sijapata mahali pa kuutua mzigo huu.

Basi tuanze na kazi, maana ndiyo mliyoniuliza.

Ukishika hedifoni dukani, usianze na besi. Kila muuzaji atakuwekea wimbo wenye besi ya kutikisa ubongo ili utoe pesa kabla ubongo haujatulia. Wewe omba usikie sauti ya mtu mmoja anayesema, msomaji wa habari au mtu anayesoma Kurani. Kama anasikika kana kwamba yumo ndani ya pipa, zirudishe. Sauti ya mtu ndiyo ngumu kuliko zote kuitoa sawasawa, kwa sababu masikio yetu yameizoea tangu hatujazaliwa.

Uzito usikudanganye. Nimefungua hedifoni za bei chee nikakuta kipande cha chuma kimegandishwa ndani, hakina kazi yoyote ila kukufanya udhani umenunua kitu cha maana. Za nyumbani utazivaa saa moja, saa mbili, na shingo haitaki chuma. Tazama sponji. Ile ya ngozi ya bandia hapa kwetu haimalizi masika mawili, jasho na hewa ya chumvi huibambua, ukivua unabaki na magamba meusi mashavuni kama uliyekuwa ukichoma mkaa. Ya kitambaa haina fahari lakini haichomi sikio. Kikombe kiwe kikubwa, kilizunguke sikio zima. Kikikaa juu ya sikio, baada ya nusu saa utavua kwa hasira na utanilaumu mimi.

Waya unaochomoka ni bora kuliko uliofungwa moja kwa moja, maana kinachokufa kwanza ni waya, na unakufia pale unapoingia kwenye pini. Kabla hujalipa, uchezeshe pale huku unasikiliza. Sauti ikikatika hata kidogo, sema ahsante uondoke. Halafu uulize kama simu yako inazimudu. Ziko hedifoni nzuri zilizoandikwa omu mia mbili na zaidi, kipimo cha ukinzani wa umeme, hizo zinataka mashine yenye nguvu, ukizitia kwenye simu zinanong'ona kama mgonjwa. Kwa simu na redio ndogo tafuta za omu thelathini hivi. Na simu za siku hizi nyingi hazina tundu la pini, basi nunua kile kiungio kifupi cha kutia kwenye tundu la chaji, na usikisahau nyumbani. Hilo la kusahau nitalirudia.

Mwalimu wangu wa kazi aliitwa Fundi Makame, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye mikono mizuri kuliko yote niliyowahi kuiona. Siku moja, bado mwanafunzi wake, nilihangaika na hedifoni za maalimu mmoja tangu asubuhi hadi adhuhuri. Waya wa ndani ulikuwa mwembamba kama unywele, mwekundu huku, wa kijani kule, na risasi haishiki hata kwa dawa. Jasho likinitoka nikamwambia maalimu mbele za watu, "Waya huu bandia, umeuziwa uongo." Fundi Makame akanyanyuka, akawasha kiberiti, akapitisha ncha ya waya motoni mara moja tu. Ile rangi ikaungua, risasi ikashika papo hapo.

"Waya wa kweli huu," akasema. "Umepakwa vanishi. Wa uongo ni huyu fundi."

Maalimu alicheka hata kofia ikamwanguka. Kwa muda mrefu baada ya hapo alinisalimia kwa kuniuliza kama nimeshapakwa vanishi.

Lakini Fundi Makame alikuwa na jambo jingine ambalo nilidhani ni umbea wa uzeeni. Mteja akija kutaka redio au hedifoni, hakumuuliza anapenda kusikiliza nini. Alimuuliza, "Nyumbani unaishi na nani?" Watu wengine walichukia. Kijana mmoja alimjibu, "Mzee, nimekuja kununua hedifoni, sijaja kuposa." Fundi Makame hakujali, aliendelea kuuliza vile vile mpaka anakufa. Mimi nilipofungua kibanda changu niliiacha desturi hiyo. Nikaona mambo ya nyumba ya mtu hayanihusu, mimi ninahusika na waya.

Sasa nawaomba mtulie hapa, maana ndipo palipo na habari yenyewe. Hedifoni hizi kubwa ziko namna mbili. Ziko zilizozibwa nyuma, kikombe kizima kimefungwa, sauti ya ndani haitoki na ya nje haiingii. Na ziko za wazi, nyuma ya kikombe pana wavu au matundu. Ukivaa za wazi unasikia wimbo wako na unamsikia pia kuku wako uani, ila na aliyekaa karibu nawe atasikia kidogo unachosikiliza. Bei zake zinaweza kuwa sawa. Wauzaji wengi watakwambia zilizozibwa ndizo za kisasa, na watu wengi hununua hizo.

Mke wangu ni Bi Mize, mwenyeji wa kisiwa cha Kojani, ng'ambo ya maji. Tangu nimuoe hajapata kupika, kufua wala kusuka ukili wa mikeka bila ya taarabu za zamani karibu yake. Na akisikiliza lazima aimbe. Sauti yake si ya kupanda jukwaani, lakini ndani ya nyumba yangu hakuna niliyoipenda zaidi. Nilipoacha kazi, mikono ilipoanza kutetemeka na pasi ya kulehemu ikawa inaniunguza mimi badala ya waya, nilikaa nyumbani nikimsikiliza kutwa, nikaona kustaafu si vibaya.

Kisha jirani yetu, Bi Riziki, akafiwa na mume. Nyumba yake na yetu zinashiriki ukuta mmoja. Bi Riziki akaingia eda, miezi minne na siku kumi, ametulia ndani na kanga yake nyeupe. Siku ile ile Bi Mize akazima redio. Hakuna aliyemwambia. Mtu hawezi kuimba taarabu huku upande wa pili wa ukuta mwenzake anahesabu siku za msiba. Kila asubuhi alimpelekea uji, wakakaa pamoja kidogo, kisha akarudi kwenye nyumba isiyo na sauti. Nilimwona anavyonywea. Nikasema, mimi fundi mzima, dawa ya jambo hili si ninaijua?

Nikaenda dukani nikazikuta mbili, bei moja, zote za waya, zote za kitambaa, zote nzuri. Moja ya wazi, moja iliyozibwa. Nikachukua iliyozibwa, ili hata tone la wimbo lisimfikie mfiwa.

Ukweli wa kifundi ni huu, na niliujua tangu ujana wangu: sauti inayovuja kwenye hedifoni za wazi haivuki ukuta wa matofali. Inamfika aliyekaa mkekani pamoja nawe, basi. Za wazi zingetosha kabisa. Lakini nilitaka kumwonesha mke wangu ufundi. Nilimvalisha, nikawasha wimbo, nikasimama nyuma yake nikalipiga sufuria kwa mwiko kwa nguvu zangu zote. Hakugeuka. Akaendelea kuimba, kichwa kikiyumba polepole. Nilisimama pale na sufuria langu nikiona fahari kama bwana harusi.

Na kuimba kwenyewe kulikuwa kumebaki, ila kwa sauti ya chini. Bi Riziki mwenyewe alimwambia asijibane, kwamba ile sauti ndogo ikipenya ukutani inamliwaza.

Niwaeleze sasa kuhusu Kombo. Kombo alikuwa mdogo wake Bi Mize, mtoto wa mama mmoja na baba mmoja, mvuvi wa Kojani. Walipendana sana mpaka siku mama yao alipofariki. Habari ilitufikia asubuhi. Tukatafuta gari mpaka pwani, tukafika maji yamekupwa, mashua imelala kwenye matope, tukasubiri. Kombo huko ng'ambo ndiye aliyekuwa mwenye kauli, na wazee walimwambia maiti hacheleweshwi. Akakubali. Tulipofika Kojani jeneza lilikuwa limeshatoka. Wanawake hawaendi kaburini, basi Bi Mize alikuwa ameikosa nafasi yake ya pekee ya kuuona uso wa mama yake. Alimwambia Kombo mbele za watu, "Umenificha mama yangu." Tangu siku hiyo hawakuzungumza, miaka minne, ndugu wawili waliokuwa wakila sahani moja.

Kila Ramadhani Bi Mize alisema, "Akija nitamsamehe. Aje tu, apige hodi." Na mimi nilijua Kombo anasema ya kwake huko. Mtu mkubwa kupanda mashua, kisha gari, kwenda kuomba radhi kwa miguu yake, si jambo dogo.

Alikuja. Ilikuwa siku ya kawaida, baada ya alasiri. Mimi nilikuwa msikitini na baada ya swala nikabaki barazani na wenzangu tukipiga soga. Bi Mize alikuwa peke yake chumbani na hedifoni zake. Kombo akasimama mlangoni. Nyinyi mnaijua desturi yetu: hodi ni tatu. Usipoitikiwa baada ya ya tatu, unarudi ulikotoka, hugusi mlango, huchungulii dirishani. Mwenye nyumba ana haki ya kutokukutaka, na kunyamaza kwake ndilo jibu.

Habari tuliipata asubuhi yake. Bi Mize alikwenda na uji kwa Bi Riziki kama kawaida, akarudi akakaa chini ukumbini, bakuli bado mkononi. Akanieleza walivyosemezana.

"Mize, jana ndugu yako kaja," Bi Riziki alimwambia.

"Ndugu yangu yupi?"

"Kombo. Kapiga hodi tatu. Ile ya tatu kasema, mie Kombo, dada. Na weye ulikuwa ukiimba."

"Mbona hukumwitikia, Bi Riziki? Mbona hukuniita?"

"Mie nimo edani, mwanangu, ntampazia sauti vipi mwanamume wa watu? Nligonga ukuta. Nligonga kwa mchi, mpaka chokaa ikadondoka."

Tulikwenda kuutazama ukuta kwa upande wetu. Chokaa ilikuwa imedondoka kwetu pia, vipande viwili vitatu, chini ya mahali hasa alipokuwa akikaa mke wangu.

Fikirini alichosikia Kombo. Anapiga hodi, dada yake anaimba. Anapiga ya pili, anaimba. Anataja jina lake, na dada yake anaendelea na ubeti unaofuata. Lau ningekuwa mimi, ningeliona hilo kuwa tusi ambalo halina mfano.

Bi Mize alimpigia simu siku hiyo, na siku ya pili, na ya tatu. Haikupokewa. Watu wa Kojani wanaokuja sokoni wakaanza kutuletea maneno, kwamba Kombo amesema dada yake alimwimbia. Bi Mize akaniambia, "Nenda wewe. Chukua hedifoni hizi uende nazo, umvalishe aone. Wewe ndiye fundi."

"Kwa nini usiende mwenyewe?" nikamuuliza.

"Naogopa. Nikipiga hodi asiniitikie, je?"

Sikwenda. Hapa, vijana wangu, ndipo nisipopenda kupaandika, lakini nisipopaandika nitakuwa nimewauzia waya wa uongo. Sikwenda kwa sababu nilikuwa nimemsifia kila mtu zile hedifoni. Wenzangu wa barazani walikuwa wameziona, wawili walikuwa wameshanunua kama zile zile kwa neno langu. Niliona haya mzee mzima kupanda mashua na hedifoni mkobani, nikaoneshe watu wa Kojani kwamba Fundi Faki wa Chake alikosea. Nikamwambia mke wangu, "Mwache apoe kwanza." Wiki iliyofuata nikasema mvua. Iliyofuata nikasema mgongo. Siku moja nilithubutu hata kusema labda Kombo alipiga hodi kwa sauti ndogo. Bi Mize hakuzivaa tena zile hedifoni, na redio hakuwasha, na kuimba hakuimba. Alasiri zote alikaa ukumbini mkabala wa mlango, anasuka ukili, akisikia viatu vya mtu nje mkono unasimama.

Miezi miwili ikapita hivyo. Eda ya Bi Riziki ikamalizika. Akaoga, akavaa nguo za rangi, na nyumba ya kwanza aliyoingia ni yetu. Alinisalimia, akaulizia hali, akanywa chai yake yote. Kisha akaweka kikombe chini.

"Faki," akasema, "mie nlifungwa na eda. Weye umefungwa na nini?"

Kesho yake nikaenda Kojani.

Kwenye mashua nilipapasa mkobani nikakuta hedifoni, na kile kiungio cha simu sikukiona. Mtu aliyefanya kazi hii maisha yake yote anakwenda kuonesha kosa lake, na hata kifaa cha kulioneshea amekisahau! Kilikuwa mfukoni mwa koti, alhamdulillahi, Bi Mize alikitia bila ya kuniambia.

Kombo alikuwa kitandani. Kifua kilimbana, wiki tatu hajaingia baharini, amekonda hata pua imechongoka. Mkewe, Bi Time, alinikaribisha vizuri. Kombo naye alinijibu salamu zote kama inavyopasa, wa nyumbani wazima, watoto wazima, kisha akageuzia uso ukutani.

"Alikuwa akiimba, shemeji," akasema. "Mie nasema hodi, yeye aimba."

"Kweli, alikuwa akiimba," nikasema. "Sikuja kukanusha. Nimekuja uniruhusu nikuvike kitu hiki dakika mbili tu, kisha nitakwenda zangu."

"Kitu gani hicho?"

"Kosa langu."

Akainua kichwa kidogo kutoka kwenye mto, kama mgonjwa anayekubali dawa. Nilimvalisha, nikawasha taarabu ile ile, nikatoka nje. Nikasimama mlangoni nikapiga hodi. Nikangoja. Nikapiga ya pili. Nikapiga ya tatu, nikapaza, "Mie Faki, shemeji!" Majirani wawili wakatoka kutazama nani anayepiga kelele. Na kutoka chumbani, vijana wangu, ikatoka sauti ya Kombo, ya puani, imepotea njia kabisa, anaimba.

Nilipoingia Bi Time alikuwa amejiziba uso kwa kanga, sikujua kama anacheka au analia. Kombo alipotuona akavua.

"Ushaanza kupiga hodi?"

"Nimeshapiga tatu, shemeji."

Akamgeukia mkewe. "Kapiga?"

"Kapiga, na jina kataja. Mtaa mzima umesikia."

"Na mie nlikuwa naimba?"

"Ulikuwa ukiimba, mume wangu."

Kombo akazishika zile hedifoni kwa mikono miwili, akazigeuza huku na huku, akapapasa nyuma ya kikombe palipozibwa. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Siku ile nlimchukulia pweza mkavu," akasema. "Nlirudi naye. Kila nikimtazama, nasikia ile nyimbo." Kisha akavuta pumzi kwa taabu, akacheka kidogo. "Mwambie dada ntakuja Ijumaa, inshallah, kifua kikiniachia. Na safari hii ntapiga hodi mpaka ya nne."

Alinitaka nimwachie hedifoni zile mpaka Ijumaa, ana redio ndogo yenye tundu lake la pini, zimliwaze kitandani. Nikamwachia. Nilirudi Chake nikiwa mwepesi. Bi Mize siku hiyo alichuja nazi huku akiimba, mara ya kwanza kwa miezi miwili, na Jumatano akaenda sokoni kununua samaki wa kumkaangia mdogo wake.

Simu ya Kojani ilikuja Alhamisi asubuhi.

Tulitafuta gari. Tukafika pwani, na maji yalikuwa yamekupwa, mashua imelala kwenye matope kama ile siku ya mama yao. Bi Mize alikaa juu ya jiwe, kanga imefunika uso. Alikuwa akirudia neno moja tu, "Tena. Tena. Tena." Laiti ningekwenda ile wiki ya kwanza, Kombo alikuwa bado anatembea kwa miguu yake. Hesabu hiyo niliifanya pale pwani na nimeifanya kila siku tangu wakati huo, na kila siku jibu lake ni mimi.

Tulifika ng'ambo alasiri imeshaswaliwa. Nilitazamia kuona watu wanarudi kutoka makaburini. Badala yake niliwakuta wanaume wamekaa kimya mbele ya nyumba, wamejaa mpaka njiani, kofia zao vichwani, na hakuna aliyekuwa na haraka. Jeneza lilikuwa bado ndani. Mzee mmoja alinishika mkono akaninong'oneza, "Kaacha neno. Kasema asitolewe mpaka Mize afike."

Wakampisha njia. Bi Mize alifika mlangoni akasimama. Wanawake ndani walimwona, wakamwita kwa mikono aingie. Hakuingia. Alisema, "Hodi." Akangoja. Akasema tena. Na ya tatu akasema, "Mie Mize, Kombo." Wanaume wazima waliinamisha vichwa. Kisha Bi Time akaja mwenyewe mpaka mlangoni, akamshika mkono, akasema, "Karibu, wifi. Alikuwa akikungoja." Bi Mize akauona uso wa mdogo wake.

Baada ya siku tatu za msiba Bi Time alinirudishia hedifoni zangu, amezifunga kwenye kitambaa. Aliniambia Kombo alizivaa kila alasiri, lakini kikombe kimoja alikisukuma nyuma ya sikio, upande wa mlango. Akimuuliza kwa nini hazivai vizuri, alimjibu, "Huenda dada akashindwa kuingoja Ijumaa. Huenda akaja kabla. Sitaki apige hodi nsimsikie."

Neno hilo nilikaa nalo mwezi mzima kabla sijamwambia mke wangu. Nilipomwambia aliweka ukili chini, akaingia chumbani, akafunga mlango. Redio yetu haijawashwa tangu hapo, na Bi Riziki hana tena cha kusikia ukutani.

Basi nunueni, vijana. Chukueni zenye vikombe vikubwa, sponji ya kitambaa, waya wa kuchomoka, na kama hakuna sababu nzito ya kuziba, chukueni za wazi, na mkae mkiuelekea mlango. Msinisimamishe tena kuniuliza zipi. Nikisimama, mimi ndiye nitakayeuliza kwanza: nyumbani unaishi na nani, na ni nani ambaye siku yoyote anaweza kuja kukupigia hodi? Nijibu hilo, na hizo hedifoni nitakuchagulia mwenyewe.